Kinga, munkoyo na daraja la Lufira

Jambo kwa watu wa Kikula, jambo kwa Panda na Shituru, hapa mjini Likasi, jambo kwa mama anayepanga mikate yake mezani sasa hivi na redio ndogo kando. Na nyinyi wa Kambove na wa Kapolowe, mnaotukamata kwa waya mliotundika juu ya mwembe, jambo sana. Mmeamkaje? Kama mbabula imeshika moto, weka maji ya chai, sogeza kiti. Safari ya leo ni ndefu kidogo, na hatuna haraka.

Leo tunazungumza juu ya kinga. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisikia neno hilo wanafikiri tunatangaza chanjo. Hapana, kwetu kinga ni baiskeli. Ile iliyoegemea ukuta wa jirani yako, yenye tandiko lililofungwa kwa kitambaa na taa ambayo haijawaka tangu inunuliwe.

Ninaye mpwa wangu anayeishi Ubelgiji. Mwaka huu alipata konji, akaenda Uhispania. Siku moja akanitumia sauti kwenye simu: "Mjomba, nimeendesha kinga siku nne. Asubuhi natoka hotelini, jioni narudi palepale." Nikamuuliza, ulibeba nini? Akasema, "Chupa ya maji." Nikamuuliza tena, na kule mwisho kulikuwa na nini, soko? Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba, hakuna mwisho. Ni duara."

Na kwa duara hilo alilipa pesa.

Mmesikia, wapendwa? Alilipa. Hapa kwetu, kwenye barabara ya Lubumbashi, mtu anayekanyaga kilomita kama zile ndiye anayelipwa, tena kidogo, na mgongoni mwa kinga yake kuna magunia matatu ya makala, yaani makaa. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Kwanza nilimcheka mpwa wangu. Halafu nikaacha kucheka. Halafu, mwezi wa sita, nikatoa kinga yangu chini ya paa la jiko, nikaipangusa, nikaondoka asubuhi na mapema bila mzigo wowote nyuma. Jirani yangu mama mmoja akatoka mbio na kitenge chake hakijafungwa vizuri: "Papa, kuna kilio?" Kwa sababu mtu wa umri wangu, juu ya kinga tupu, saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, anakwenda wapi kama hapeleki habari ya msiba?

Nikamjibu, "Mama, nakwenda kutembea." Sijui kama aliniamini.

Sasa ngoja kwanza niwaambie huko Uhispania wanafanya nini, ili tusiseme mambo tusiyoyajua. Kuna mto unaitwa Duero. Kando yake kuna mashamba ya mizabibu, visiki vifupi vya kufika gotini, mstari baada ya mstari, kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye kamba. Nchi ile inaitwa Castilla, na jina hilo limetoka kwenye makasri, maana zamani kila kilima kilikuwa na ngome yake na bwana wake. Pale Peñafiel kuna kasri moja refu na jembamba, limekaa juu ya mgongo wa kilima kama meli ambayo maji ya gharika yaliiacha pale yakaondoka. Ndani yake leo hakuna askari wala mfalme. Kuna makumbusho ya mvinyo.

Mpwa wangu anasema duara lake halikuwa la mabingwa. Milima ipo, lakini si ile ya kukutoa roho. Unapanda, unateremka, unafika kwenye kasri, unasimama. Unapiga picha. Unaondoka. Unafika kwenye kijiji, unasimama tena, unapewa glasi ya mvinyo na kipande cha jibini. Unakaa kivulini. Nilipomsikiliza vizuri nikagundua kwamba sehemu kubwa ya hadithi yake haikuwa ya kukanyaga. Ilikuwa ya kusimama. Lishikeni neno hilo, wapendwa, kusimama. Tutalirudia.

Haya, turudi nyumbani. Sisi tuna nini? Tuna kasri? Tuna mvinyo?

Tuanze na mvinyo, kwa sababu najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Sisemi lutuku, ile pombe yetu kali. Lutuku na kinga ni maadui, na mtu aliyevichanganya viwili hivyo muulizeni meno yake yako wapi. Nasema munkoyo. Mnajua wenyewe, lakini wacha niwaeleze watoto wa mjini wanaokunywa soda tu. Unapika uji wa unga wa mahindi. Unauacha upoe kidogo. Unachukua mizizi ya munkoyo iliyochimbwa porini, unaiponda mpaka iwe nyuzi kama za mkonge, unaichovya ndani. Ule uji mzito unaanza kuwa mwepesi mbele ya macho yako. Watu wa sayansi wanasema ndani ya mzizi kuna kitu kinachokata wanga na kuugeuza sukari, na bibi zetu walilijua jambo hilo bila maabara. Kesho yake unakunywa. Ni mtamu, na nyuma ya ulimi kuna uchungu mdogo wa mzizi, kama harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Kesho kutwa umeanza uchachu. Siku inayofuata ni habari ya watu wazima.

Mvinyo wa Duero unaweza kulala ndani ya pipa la mwaloni mwaka mzima, miaka, na bei inapanda kila ukilala. Munkoyo haungoji mtu. Ndiyo maana huwezi kuuona dukani Ulaya, na ndiyo maana ukitaka kuujua lazima uufuate barabarani, pale ambapo mama ameweka ndoo yake chini ya mti na kikombe kimoja cha plastiki kwa wateja wote. Mimi katika safari yangu nilikunywa mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa bora. Wa tatu siuzungumzii.

Na kasri? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Sisi katika Likasi tumezaliwa chini ya makasri, lakini macho yamezoea. Toka katikati ya mji, kwenye zile nyumba za zamani za Wabelgiji zenye baraza, panda na kushuka vilima vyetu, uende upande wa Panda, kisha Shituru. Nani hapa hajaona mabomba ya moshi ya Shituru? Lakini nani amewahi kusimama akayatazama? Kiwanda kile kimetoa shaba tangu mwisho wa miaka ya 1920. Hata Panda mitambo ilianza katika miaka ya 1920. Mwenye mji alikuwa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na mji wenyewe ulipewa jina la mkubwa wake mmoja, mhandisi Jean Jadot. Wazee mnakumbuka, paliitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966, na mwaka uliofuata serikali ikaichukua kampuni, ikawa ile tunayoiita leo Gécamines.

Sasa fikirini. Kasri la Castilla lilikuwa nini? Bwana mmoja juu ya kilima, ghala la nafaka, ukuta, mlango wa kufunga usiku, na chini yake watu wanaolima na kuhesabiwa. Na kambi ya kampuni ilikuwa nini? Nyumba zilizopangwa kwa mstari, posho ya unga inayopimwa kwa kilo, dispensari, shule, king'ora cha kuamsha watu. Baba yangu alikuwa akisema king'ora kikilia, hata jogoo wa kambi walinyamaza. Hata hiki Kiswahili ninachozungumza nanyi asubuhi hii kina alama za kambi. Watu wa misafara walikileta wakitafuta shaba na pembe za tembo, enzi za mfalme Msiri kule Bunkeya, lakini kambi ndiyo iliyomfanya Mluba, Mbemba, Mlunda na mtu wa Kasai wagombane na kuoana kwa lugha moja.

Kwa hiyo kasri tunalo. Tofauti ni kwamba la Peñafiel limekufa, na ndiyo sababu linapendeza. Mawe yake hayamdai mtu yeyote. Makasri yetu bado yana wenyewe, bado yana walinzi, na walinzi wale hawapendi mtu anayesimama kutazama. Mimi mmoja aliniuliza, "Papa, unatafuta nini?" Nikamwambia natazama. "Unatazama nini?" Nikakosa jibu, nikapanda kinga yangu. Simlaumu kijana yule. Katika nchi hii, anayetazama sana mgodi kwa kawaida amekuja kuuchukua.

Na hapo nitie onyo moja. Kuna mtu atasema, basi twende na kinga mpaka Shinkolobwe, ni karibu. Hapana. Mnajua ni mahali gani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu lililoiangukia Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwenye shimo lile. Mgodi umefungwa, eneo limekatazwa, na mwaka 2004 shimo liliporomoka likaua wachimbaji. Kuna makasri ya kutazama kutoka mbali, na kuna ya kutotazama kabisa.

Haya, tutoke mjini. Barabara niliyoichagua ni ile kubwa inayokwenda Lubumbashi, mpaka daraja la Lufira, halafu Kapolowe kwa watu wa samaki. Nilitafuta duara kama la mpwa wangu, sikulipata. Njia za pembeni zipo, lakini moja inaishia kwenye geti la kampuni, nyingine inaishia kwenye mchanga wa kumeza gurudumu. Barabara zetu hazikuchorwa kwa ajili ya mtu anayetaka kurudi alipoanzia. Zilichorwa kwa ajili ya shaba, na shaba ikienda hairudi. Kwa hiyo kwetu ni kwenda na kurudi kwa njia moja. Lakini msidharau. Kutoka Likasi kwenda Lufira unateremka, kwa sababu mji wetu uko juu na mto uko bondeni. Kurudi unapanda. Niamini mimi, ile si barabara moja. Ni mbili.

Mwezi wa sita ni mwezi mzuri. Mvua hakuna, jua si kali, na asubuhi baridi inakuuma vidole mpaka unatamani soksi mkononi. Pori la kando lina rangi ya chai. Vichuguu vinasimama kama wazee kwenye mkutano, vingine virefu kuliko nyumba. Malori tu ndiyo yanayoharibu mazungumzo. Yanakuja na shaba, yanakuja na asidi, yanakuja na kila kitu isipokuwa huruma. Sheria yangu ni moja, nairudia kwa vijana: ukisikia lori nyuma na ukaona lori mbele, usipige hesabu ya nani atapita kwanza. Toka kwenye lami. Ingia majanini. Kinga ni chuma, itanyooshwa na fundi. Wewe hutanyooshwa.

Si mbali sana na mji, kwenye barabara hiyohiyo, ndipo walipokaa wale askari wa Ireland mwaka 1961. Mnaikumbuka habari hiyo? Wazee mnaikumbuka. Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960. Umoja wa Mataifa ukaleta hapa kikosi kimoja cha Waireland, zaidi ya watu 150, chini ya kamanda Pat Quinlan, eti kuwalinda wazungu wa Jadotville. Wazungu wenyewe hawakuwataka. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, Waireland wakiwa kwenye misa, jeshi la Katanga likawashambulia pamoja na mamluki wake. Walipigana siku tano. Maji yakaisha, risasi zikaisha, wakajisalimisha tarehe 17. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Upande wa pili walikufa wengi.

Mwaka 2016 ilitoka sinema juu ya jambo hilo, yenye jina la mji wetu wa zamani. Ilipigwa picha Afrika Kusini. Niliitazama kwa jirani, sote tukitafuta mwembe tunaoujua, hatukuuona. Nawaheshimu wale vijana wa Ireland. Wengi walikuwa watoto tu, na kwao walipofika waliaibishwa miaka mingi kwa sababu ya kujisalimisha. Lakini wanajeshi wa Katanga kwenye sinema ile wanaanguka tu, mmoja baada ya mwingine, bila jina na bila mama. Baadhi ya wajukuu wao wananisikiliza asubuhi hii. Mahali pale mimi nilisimama. Nilitoa kofia, nikanywa maji. Kijana aliyekuwa akiuza vocha za simu kando ya barabara akaniuliza kama mnyororo umekatika.

Mnaona? Ukisimama, watu wanafikiri kitu kimekatika.

Sasa ngoja niwaambie jambo lingine la Ireland, maana barabara inatoa mawazo. Gurudumu la kinga zamani lilikuwa gumu, la chuma au la mpira usio na hewa. Mwaka 1888, pale Belfast, daktari mmoja wa mifugo, John Boyd Dunlop, alipata hati ya tairi lenye hewa. Alianza kwa kutengenezea baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu, kwa sababu mtoto alikuwa akirukaruka juu ya mawe. Jambo zuri, si ndiyo? Baba na mtoto wake. Miaka michache baadaye dunia nzima inataka kupanda kinga, kisha motokari, dunia nzima inataka mpira. Na mpira uko wapi? Kwenye misitu ya Kongo ya mfalme Leopold. Mnajua yaliyofuata. Vijiji vilichomwa, wanawake walifungwa kama rehani mpaka waume zao walete utomvu, mikono ilikatwa. Na mtu aliyeandika ripoti kubwa ya serikali ya Uingereza juu ya maovu hayo, mwaka 1904, alikuwa nani? Konsuli Roger Casement, mzaliwa wa Dublin. Mwireland tena.

Mimi si mwanahistoria. Lakini nilipokuwa natia hewa kwa pompi kando ya barabara ile, nilitazama ule mpira mweusi mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Tairi lilianzia Ireland. Mtu aliyesema tairi linanuka damu alitoka Ireland. Vijana waliozingirwa pale nyuma yangu walitoka Ireland. Na mimi, mtu wa Likasi, nilikuwa natafuta tu kitundu kwa mate.

Tuendelee. Unateremka, unateremka, upepo unaimba masikioni, na hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wanalipa. Halafu daraja la Lufira. Daraja hili nalo liko kwenye ile habari ya 1961, maana kikosi kilichotoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwaokoa wenzao kilijaribu mara mbili kuvuka, mara mbili kikarudishwa. Leo linavusha malori na mbuzi. Mto wenyewe unakwenda taratibu, wa rangi ya kahawa yenye maziwa, na baadaye unaingia kwenye ziwa la Tshangalele. Watoto wengi wanadhani Mungu aliliweka ziwa lile. Ni la watu. Walijenga ukuta pale Mwadingusha, kwenye maporomoko, wakapata umeme wa migodi mwaka 1930, na maji yaliyofungiwa nyuma yake ndiyo yanayotupa samaki wa Kapolowe. Kwa hiyo ukila bukari na samaki wa Kapolowe, kumbuka unakula faida ndogo ya umeme ambao pengine haufiki nyumbani kwako.

Pale Kapolowe nilikula. Sitawasimulia, msije mkazima redio mkaenda kutafuta gari.

Sasa, swali. Hii michezo ya kuendesha kinga bila mzigo, ni ya wazungu? Jirani yangu anasema ndiyo. Vijana wengi wanasema ndiyo. Basi nawauliza, Biniam Girmay ni mzungu? Ni mtu wa Eritrea, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Mwezi wa tisa mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na barabara za vilima vile zilijaa watu mpaka huoni lami. Miguu tunayo. Mtu wa makala wa barabara ya Likasi, mwondolee magunia yake, mpe kinga nyepesi, halafu tuzungumze tena habari ya mabingwa.

Lakini si mashindano ninayoyataka leo. Turudi kwenye lile neno. Nilisema nini? Kusimama.

Nilirudi nikipanda. Ndipo nilipokuwa pamoja nao, watu wa makala. Sote tunaelekea Likasi, wao na magunia, mimi na chupa ya maji kama mpwa wangu. Unajua wanavyofunga mzigo: kamba za mpira wa ndani uliochanwa, zimevutwa mpaka zinalia, na fimbo moja imesimamishwa nyuma ya tandiko ya kusukumia. Kwenye mlima hawapandi, wanasukuma. Mkono mmoja kwenye usukani, mkono mmoja kwenye fimbo, kichwa chini. Nikamfikia mmoja, mtu mzima, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Nikamsalimu: "Yaya, jambo. Pumzika kidogo." Akajibu bila kuinua kichwa: "Yaya, hapa hakuna kusimama."

Na ni kweli. Ukisimama na magunia matatu katikati ya mlima, mzigo unakuvuta nyuma. Ukiushikilia unachoka zaidi kuliko ukisukuma. Ukiuacha unalala, na ukilala hauinuki bila watu wawili. Kwa hiyo mtu yule anajua kila shimo la barabara ile, kila jiwe, anajua lami imepasuka wapi tangu mwaka gani, lakini haoni chochote kilicho kando. Mpwa wangu alilipa, nilidhani, ili akanyage. Kumbe alilipa ili asimame.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia leo, na nalirudia kwa waliochelewa kufungua redio. Mimi sitaki turudi kuwacheka wazungu wanaozunguka bila mzigo. Nataka Jumapili moja, mtu mwenye kinga aifungue ile kamba, aache magunia nyumbani, apande barabara ileile anayoijua kwa mgongo, na asimame kila anapotaka. Achukue mtoto wake. Amwonyeshe Shituru kutoka mbali, amwambie babu alifanya kazi pale. Anywe munkoyo, wa kwanza na wa pili. Maji ya kutosha, mpira wa ndani wa akiba, pompi, karatasi zako za utambulisho mfukoni kwa ajili ya wale wanaozipenda, na uwe umerudi kabla jua halijawa la utosini. Wala si lazima ufike Lufira. Geuka popote.

Fundi wa mitambo ananionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili. Basi nimalizie habari ya yule mtu wa makala, maana nilimwacha katikati ya mlima.

Nilishuka kwenye kinga yangu, nikaiegemeza kwenye kichuguu, nikarudi nikashika gunia kwa nyuma nikasukuma naye. Hatukusemezana. Watu wawili wakisukuma mlima, maneno ni gharama. Tulipofika juu, pale barabara inapolala kidogo, nikamwambia, "Yaya, sasa mimi nashika. Simama." Akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego. Halafu akaachia usukani polepole, akanyoosha mgongo, nikausikia ukilia. Akageuka nyuma. Bonde lote la Lufira lilikuwa chini yetu, pori na pori, na mbali kabisa moshi mwembamba unapanda wima kwa sababu hapakuwa na upepo.

Akatazama. Akatazama muda mrefu, mikono yangu inaanza kutetemeka na mzigo wake. Nikamuuliza, "Ni kuzuri, eh?"

Akasema, "Ule moshi si wetu. Kuna mtu ameingia kuchoma upande wetu." Akatema mate, akachukua usukani wake. "Asante, yaya. Sukuma kidogo tena, niondoke."

Nikasukuma.